Keja Poa Nairobi: Usidanganywe na "Dakika Tano"

Wasee, tubonge keja. Ile caption ya "bedsita kali, thao saba, dakika tano kutoka stage," achana nayo kwanza. Hizo dakika tano zilihesabiwa na mse wa nduthi. Unashuka Roysambu, unatembea, unatembea, unajipata ndani ndani ya Zimmerman, raba zimejaa vumbi, na agent bado ako mbele anasema "ni hapo tu."

Halafu viewing fee. Soo tano ya kuonyeshwa mlango! Manze, agent wa ukweli analipwa ukichukua keja. Akiitisha M-Pesa kabla hujaona hata geti, unaoshwa. Na "tuma booking haraka, watu ni wengi"? Wacha hao wengi waingie.

Keja inatafutwa na mguu. Wiki ya mwisho ya mwezi ndio watu huhama, so shuka mtaa wenye unataka jioni, uulize mama mboga na soja. Hao hujua nani anatoka before caretaker aandike "vacant" kwa geti. Ukiingia, usisimame ukishangaa tiles. Tiles ni za picha. Cheki balcony za majirani: zikijaa mitungi ya njano, maji ni ya mgao, na kama ni fifth floor bila lift, lita 20 unapandisha wewe. Caretaker atasema maji inarudi dakika tano. Fungua tap, onja. Ikiwa ya chumvi, instant shower ya kawaida itakuungulia, nunua ile ya maji ya chumvi. Uliza mita pia: ni ya Kenya Power ama ya landi? Ikiwa ya landi, uliza tokeni inauzwa na nani, bei gani, na saa nne usiku unampata wapi.

Mtaa wa Pipeline ndio bei huteremka, na ukifika unajua mbona. Magorofa yameshikana hadi unaweza nyoosha mkono uanue shati ya jirani. Saa sita mchana, corridor ni giza, taa inawaka. Jeans ya Jumapili, Jumatano bado ina maji. Lawama si ya wasee wa huko, ni ya wenye waliacha hizo nyumba zijengwe hivyo. Mtu analipa rent, apewe jua.

Sasa piga hesabu. Sema job iko Indaa. Bedsita ya Ronga umepata na 7,000, ya South B ni 12,000. Ronga inakaa imeshinda, sivyo? Mat ni soo asubuhi, soo jioni. Siku 26, hiyo ni 5,200, na mvua ikinyesha makanga anapandisha. South B unatembea hadi job na unalala hadi saa moja. Keja ya bei rahisi imekumaliza kwa stage.

Wazae nao wana jibu moja: "Rent ni kutupa pesa, nunua ploti, hamsini kwa mia, Kamulu." Mzae, tunatafuta doo ya deposit! Rent, deposit, ya maji, ya stima, na bado hujanunua godoro. Na usitegemee sheria ikuokoe: ile Sheria ya 1959 ya kulinda wapangaji inashika nyumba za rent isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Nairobi ya leo hiyo ni mabati. Bedsita yako haimo, na gava ingekuwa imerekebisha hiyo kitu kitambo.

Ukishapewa funguo, kabla uingize hata sufuria, piga picha kila ufa, kila doa, sink, soketi, kioo cha dirisha. Tumia caretaker WhatsApp siku hiyo hiyo. Ukihama, landi ataleta story ya kupaka rangi akitaka kumeza deposit yote, na wewe utakuwa na tarehe.