Form ya Kuleta Pickup Ndogo za Japan: Soma Hii Kabla Utume Doh

Bila shaka ushaona ile pickup ndogo yenye uso flat ikipenya jam ya Marikiti, imebeba mboga nyuma na dere amekaa ni kama amekalia tairi. Sasa wewe na mbogi yako mmeweka savings kwa chama na mnawaza: tulete mbili, moja ifanye kazi, ingine tuuze. Form iko sawa. Lakini wasee wengi wameumia hapa, so chukua dakika tatu usome.

Japan huziita kei, yaani gari jepesi. Sheria yao inasema injini isipite 660cc, urefu usizidi mita 3.4, na mzigo mwisho ni kilo 350. Piga hesabu: hiyo ni mifuko saba ya simiti. Ukipakia kumi na tano halafu springi zikatike, usilaumu Mjapani.

Ukiingia online utapata majina kibao: Carry, Hijet, Sambar, Scrum, Clipper, Minicab. Usichanganyikiwe. Kwa models za hii miaka ya karibuni, Scrum ya Mazda, Clipper ya Nissan na Minicab ya Mitsubishi ni Suzuki Carry iliyobadilishwa jina. Sambar ya Subaru nayo, tangu 2012, ni Daihatsu Hijet. Acty ndio ya Honda yenyewe, lakini waliacha kuiunda 2021. Kwa hivyo kabla uchague, shuka Kirinyaga Road uulize spea za Carry na Hijet zinapatikana aje. Gari bila spea ni mapambo ya ploti.

Sasa sheria ya hapa. Kenya hairuhusu gari iliyopitisha miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa 2025, ilikuwa lazima iwe imesajiliwa kuanzia Januari 1, 2018. Cheki vizuri: kinachohesabiwa ni siku gari inafika, si siku ulilipa. Ukinunua ile ya mwaka wa mwisho mwezi wa Novemba na meli ichelewe hadi Januari, imekula kwako. Pia lazima ikaguliwe huko Japan na kampuni iliyopewa kazi na KEBS kabla ipande meli.

Cha kushangaza, Marekani ni kinyume. Huko gari kama hizi huruhusiwa zikifikisha miaka 25. Kwa hivyo ukiona video ya msee wa Texas amenunua Carry ya 1996 kwa bei ya kutupa, jua hiyo haikuhusu.

Hapa kwa ushuru ndio watu hulia. Wengi hudhani ukinunua gari bei poa kwa mnada, ushuru pia utakuwa poa. Zii. KRA hawafuati risiti yako. Wako na orodha yao ya bei ya gari ikiwa mpya, wanapunguza kulingana na miaka, halafu wanatoza. Na ushuru hupandana: wa forodha kwanza, excise juu yake kama inahusu, kisha VAT ya 16% juu ya jumla yote. Ongeza ada za IDF na reli. Pata hesabu kamili kutoka kwa clearing agent kabla utume hata shilingi moja Japan. Kama hiyo hesabu inamaliza pesa ya chama, leteni moja.

Kwa picha za online, kila gari inang'aa. Itisha karatasi ya mnada. Ukiona alama ya R, hiyo gari ilipata ajali ikarekebishwa. Itisha pia picha za chini, juu gari za sehemu za baridi kama Hokkaido huliwa na kutu kwa sababu ya chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani.

Kulipa, tuma kwa akaunti yenye jina la kampuni. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya mtu binafsi "ndio iwe haraka", toroka. Hapo unaingizwa box.

Gari ikikaribia Mombasa, kuwa na doh ya ushuru tayari. Kila siku inayolala huko baada ya zile siku za bure, storage inakula faida yako ukiwa umelala pia.

Mwisho, ukiuza, usipeane funguo na uende zako. Fanya transfer kwa eCitizen hadi jina lako litoke kwa logbook. Mnunuzi akigonga mtu na gari bado iko kwa jina lako, mlango utakaobishwa ni wako, na chama haitakuwa hapo.