Sindano, Uzi na Kanga Kuukuu

Mwezi huu twataka kusema habari za kazi ambayo watu wengi huihesabu kuwa ndogo, nayo ni kushona na kufuma nyumbani: nguo za watoto, na vitu vyao vya kuchezea. Twajua ya kuwa wako watakaotucheka. Watasema, Ya nini mama kujisumbua na sindano, iwapo marobota ya mitumba yafunguliwa sokoni kila juma, na gauni la mtoto lapatikana kwa bei isiyotosha hata kununua kitambaa chake? Neno hilo ni kweli, wala hatutaki kulipinga. Mtu akinunua kitambaa kipya, na uzi, na vifungo, kisha akaketi siku mbili akishona, mara nyingi atakuwa ametoa fedha nyingi kuliko yule aliyekwenda sokoni. Basi mtu asishone kwa kudhani kwamba kila mara ataokoa fedha.

Lakini gauni lililonunuliwa likipasuka kwapani, ni nani atakayelishona? Katika nyumba isiyo na ajuaye sindano, nguo hufa kwa tundu moja. Walimu wetu wamjua vizuri yule mtoto aketiye nyuma kabisa, ambaye akiitwa kuandika ubaoni hainuki. Si kwamba hajui hesabu. Kaptura yake imepasuka nyuma, naye ana haya. Mwalimu humdhania kuwa mjinga au mkaidi, na kumbe kilichokosekana ni uzi wa shubiri tatu na robo saa ya mtu mzima. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wamkumbuka Tabitha wa Yafa: alipokufa, wajane hawakutaja mali yake, walionyesha nguo alizowashonea.

Huku kwetu hakuna nguo iliyo karibu na mwanamke kama kanga, na kanga yenyewe, kwa masimulizi ya wazee wa pwani, ilianza kwa mshono. Hapo kale watu wengi walivaa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanya biashara wa Salem. Sayyid Said alikwisha kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 19, zikaja leso za rangi, vitambaa vya mraba vilivyochapwa vikifuatana katika jora moja. Jina la leso tulilipata kwa Wareno. Wanawake wakanunua leso sita zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata katikati zikawa vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakavishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana yenye madoadoa mengi. Wenye maduka walipoona jinsi inavyopendeza ndipo walipoagiza nguo iliyochapwa nzima. Hata leo wako watu wa Mombasa wasemao leso kwa kutaja kanga.

Wala haikuwa pambo tu. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watumwa huko Unguja. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka humo waliziacha nguo hizo wakavaa kanga, ili atakayewaona njiani asiweze kuwaambia walikuwa watumwa wa nani. Basi tusidharau habari za nguo.

Na sasa tuseme kanga ikizeeka. Kwanza huwa ya kuvaa jikoni, halafu mbeleko, halafu hukatwa ikawa mawinda ya mtoto, na mwisho tambara la kufutia. Twashauri kwamba kabla haijafika kwenye mawinda, itazamwe. Iinue mbele ya mlango penye mwanga. Mahali ambapo mwanga wapenya kama katika chandarua, uzi umekwisha kufa hapo. Usipakate kwa kushona nguo. Ukiwa na shaka, ivute polepole kati ya vidole gumba viwili, ikilia, iache. Sehemu zilizobaki ni kitambaa kilichokwisha kufuliwa mara nyingi, laini, kisichorudi tena. Ngozi ya mtoto mchanga hupenda kitambaa hicho kuliko kipya. (Kitambaa kipya cha pamba yafaa kilowekwe usiku mzima na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana ukikikata kikavu, kikifuliwa mara ya kwanza kitapungua, nawe utalaumu mkasi.)

Kwa gauni la mtoto wa miaka minne haihitajiwi karatasi ya vipimo. Chukua gauni lake limkaalo vema, lilaze juu ya kanga, chora kwa chaki kulizunguka, na kila upande uongeze inchi moja. Chini uongeze inchi tatu kwa ajili ya pindo, na zaidi ya hizo uongeze inchi nne nyingine. Hizo nne ndizo siri ya washonaji wa zamani. Juu kidogo ya pindo wakunja kitambaa mara mbili kuizunguka sketi yote, kila mkunjo ukila inchi mbili, wapiga bandi kwa uzi hafifu. Macho huona urembo. Mtoto akirefuka mwakani, wafumua mkunjo mmoja. Mwaka wa pili, mwingine. Na pindo lenyewe lingali lipo. Hatujaona gauni la sokoni lililokatwa kwa kufikiri mwaka wa tatu wa mtoto.

Mishono ya ubavuni ishonwe mara mbili. Kwanza weka pande za ndani zitazamane, ushone karibu na ukingo. Kisha geuza, bana kwa kucha, ushone tena, ili nyuzi zote zinazochomoza zifungiwe ndani ya mshono. Kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma. Kupiga bandi peke yake ni kwa kushikiza tu. Mtoto apandaye mwembe ataufumua siku ile ile. Uzi uwe wa pamba kwa kitambaa cha pamba. Wengi hupenda uzi wa nailoni kwa kuwa haukatiki. Naam, haukatiki, bali waikata nguo kuukuu kama waya ukatavyo sabuni.

Jambo moja zaidi, nalo twalisema kwa kucheka kidogo. Kabla ya kukata, soma jina la kanga. Yako maneno mazuri ya upendo na shukrani, nayo yakikaa kifuani mwa mtoto hupendeza. Lakini kanga iliyonunuliwa kwa kumsema jirani, tafadhali maneno yake yaingie ndani ya pindo. Si haki yatembezwe kijijini mgongoni mwa mtoto asiyejua kusoma.

Twataka kuwauliza walimu pia: fundi aketiye barazani na cherehani yake, je, si mwanamume mara nyingi? Hakuna amchekaye, wala mkewe haoni haya. Kwa nini basi katika shule kadha wa kadha sindano yapewa wasichana peke yao? Mvulana aendaye shule ya bweni huondoka na shati lenye vifungo saba, akarudi na vifungo vitatu. Mfundisheni kutia kifungo, na kupiga kiraka, na kushona mfuko uliotoboka. Miezi miwili yatosha.

Sasa habari za kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja yenye ncha iliyopindika kama ndoana. Sweta hufumwa kwa sindano mbili, na kitanzi kimoja kikiponyoka, safu nzima huporomoka. Kroshia hufunga kila kitanzi kabla ya kuanza kingine, kwa hiyo mama aweza kuiweka chini wakati wowote mtoto aliapo, akairudia baada ya saa tatu, asikute hasara. Hii ni kazi ya watu wenye kukatizwa. Huko Ireland, viazi vilipoanza kuoza mashambani mwaka 1845 na njaa kuu ikashika nchi, masista wa Ursuline wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakiwafundisha wasichana kroshia. Ufundi ukaenea, lesi ikauzwa katika miji mikubwa ya Ulaya, na fedha yake ikalisha nyumba nyingi ambazo shamba lilikuwa limezikana.

Kwetu kroshia nyingi huishia juu ya makochi na meza. Vitambaa hivyo ni vizuri, hatusemi neno. Ila tumeingia nyumba za milimani, Juni, kiti kimefunikwa kwa vitambaa vitatu, na mtoto wa nyumba kichwa wazi katika baridi. Afadhali kiti kipigwe baridi.

Tena kofia ya mtoto ni somo la hesabu, na walimu wangefanya vema kulitumia. Anza kwa duara dogo la vitanzi 6. Mzunguko wa pili, kila kitanzi kitie viwili, vitakuwa 12. Wa tatu, ongeza kimoja kwa kila viwili, vitakuwa 18. Wa nne, kimoja kwa kila vitatu, vitakuwa 24. Na kuendelea hivyo, 6 kila mzunguko. Kazi italala sawasawa kama sinia. Siku uachapo kuongeza, kingo zaanza kuinuka, na hiyo ndiyo kofia. Ukipunguza 6 kila mzunguko, mdomo wafunga, na ukijaza ndani kabla haujafunga umepata mpira, au kichwa cha mwanasesere. Mwanafunzi atauliza, Nikiongeza kupita kiasi, je? Mwache ajaribu: kazi itajikunja mawimbi mawimbi kama marinda, haitalala tena. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma umbo hilo hilo kwa kroshia, ili wanafunzi wake washike mkononi jambo ambalo wenye hesabu walikuwa wakilieleza kwa maandiko tangu karne ya 19. Aliongeza vitanzi kwa kanuni moja isiyobadilika, basi.

Kwa habari ya vitu vya kuchezea, yuko mama mmoja ambaye kila mtoto mwenye dubu wa kitambaa ana deni kwake. Bibi Margarete Steiff alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Giengen, Ujerumani. Kabla hajatimiza miaka miwili alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Miguu yake haikumbeba tena, na mkono wa kuume ukawa dhaifu. Hata hivyo alijifunza kushona, na alipopata cherehani aliigeuza, ili gurudumu lake liwe upande wa mkono wake wa kushoto. Mwaka 1880 alishona ndovu wadogo wa kitambaa cha sufu, kwa ajili ya kuchomekea sindano, akawapa jamaa zake. Watoto wakawanyang'anya wakacheza nao. Akaona, akashona wengine, na kutoka kwa ndovu huyo wa sindano ikatoka karakana nzima. Mwaka 1902 mpwa wake Richard alibuni dubu mwenye viungo vinavyogeuka. Mwaka huo huo huko Marekani, Rais Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa, na Morris Michtom, mwenye duka huko Brooklyn, pamoja na mkewe Rose, wakashona dubu wakampa jina la Rais. Ndiye Roosevelt yule aliyekuja kuwinda katika nchi zetu mwaka 1909, na huku hakuwasamehe ndovu.

Ndovu wa nyumbani si mgumu. Kata mbavu mbili zinazofanana, pamoja na mkonga na miguu. Kata kipande cha tatu cha tumbo na upande wa ndani wa miguu, nacho hushonwa katikati ya mbavu ili mnyama asimame. Masikio yabanwe ndani ya mshono tangu mwanzo, yasibandikwe juu baadaye, kwa sababu sikio ndilo mtoto atakalolitafuna kwanza. Kwa kujaza, sufi ya msufi ni nyepesi na haipendi maji, ndiyo maana zamani iliwekwa ndani ya makoti ya kuokolea watu baharini. Lakini hushika moto upesi sana, basi kitu kilichojazwa sufi kikae mbali na jiko na kibatari. Asiye na msufi akate matambara madogo madogo. Maharagwe na kunde tusitie: mshono ukifumuka, mtoto humeza au hujitia puani, na usipofumuka, wadudu huingia.

Macho yadariziwe kwa uzi. Twawasihi sana wazazi katika neno hili, maana twaona wanasesere wazuri wenye macho ya vifungo wakipewa watoto ambao bado huweka kila kitu kinywani. Kifungo kimoja chatosha kuziba koo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu pasiwepo kifungo, wala shanga, wala kamba ndefu ya kuweza kumzunguka shingoni. Kabla ya kumpa, mzazi ashike kila mguu na kila sikio avute kwa nguvu zake. Kikilegea kitu, kirudi kwenye sindano usiku ule.

Tumbo la ndovu lifungwe mwisho, kwa mshono wa kurudi nyuma ulio mmoja tu, ili uweze kufumuliwa bila kuharibu kitambaa. Akichafuka, naye atachafuka, fumua hapo, toa sufi uianike juani juu ya ungo uliofunikwa chandarua, usije upepo ukaipeperusha. Fua ngozi yake kwa sabuni, na kesho yake mjaze tena.