Unakunywa na Nani?

Mwaka juzi, kwa miezi kadhaa, nilikuwa nakunywa bia saa mbili asubuhi. Natoka zamu ya usiku, mume wangu ameshaenda kazini, mtoto yuko shule. Nasimama kando ya sinki na sare za kazi bado mwilini, nafungua chupa, nakunywa, nalala. Nina stashahada ya uuguzi ya nyumbani na shahada ya huku Marekani, kwa hiyo nilijua vizuri kwamba pombe huleta usingizi haraka kisha huuvuruga. Nikanywa tu. Mwanzo chupa moja, baadaye mbili.

Aliyenistua ni baba yangu mdogo, alipotutembelea hapa Reading, Pennsylvania, kutoka Kibosho. Asubuhi moja alinikuta jikoni. Nikamwamkia huku nikisukuma chupa nyuma ya birika. Akaitikia, akavuta kiti, akauliza taratibu: "Mwanangu, unakunywa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kwetu Uchagani mbege ni ya kikao. Kata inazunguka mkono kwa mkono, na kila mtu anaona mwenzake amekunywa kiasi gani. Anayejificha na pombe yake, watu huulizana ana nini.

Baba mdogo hakunikataza. Alisema Jumapili jioni tule pamoja, na hiyo bia ije mezani.

Bia yenyewe ni Yuengling, lager ya rangi ya kaharabu inayotengenezwa Pottsville, kama saa moja kwa gari kutoka kwetu. Miezi yote ile sikujua kwamba mwanzilishi wake alikuwa mhamiaji kama sisi. David Jüngling alitoka Ujerumani, akafungua kiwanda mwaka 1829, na jina lake likageuzwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Kiwanda kiliungua mwaka 1831, kikajengwa upya. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani, kuanzia 1920 hadi 1933, ukoo huo ulijikimu kwa bia isiyolevya na aiskrimu. Mpaka leo ni mali yao.

Jumapili nilipika machalari: mbavu za ng'ombe na ndizi mbichi nilizonunua duka la Wapuerto Rico. Tukafungua chupa mbili kwa watu wazima watatu. Neema akapata juisi yake. Baba mdogo aliinua glasi kwenye mwanga. "Chai ya rangi," akasema. Akanusa: "Ganda la mkate." Nikamweleza kwamba rangi ile inatokana na kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto zaidi kidogo, na kwamba lager huchachuka polepole kwenye baridi, ndiyo maana inateleza kooni. Kwanza unapata utamu kidogo kama wa sukari iliyounguzwa, kisha uchungu mdogo wa hopi unaokata mafuta ya nyama.

"Basi hopi ndiyo msesewa wao," akasema, akimaanisha lile gome tunalotia kwenye mbege. Tukacheka. Glasi yangu ilidumu mlo mzima, wala sikukumbuka kuongeza.

Tangu siku hiyo, kwangu bia ni ya mezani, pamoja na chakula na watu. Niliomba pia kupunguziwa zamu za usiku, na nikamweleza daktari wangu ukweli. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote.

Najua wasomaji wengi hapa hawanywi kabisa, na simshawishi mtu. Wanafunzi mlioko Marekani, chini ya miaka 21 sheria hairuhusu kununua. Kwa sisi tunaokunywa: chupa ya mililita 355 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 14 za pombe halisi, na si kahawa wala maji baridi yatakayoliharakisha ini. Na anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, maana mwili unaweza kutetemeka na hata kupata degedege. Ukijikuta unaficha chupa, mwambie mtu leo.

Baba mdogo amesharudi Kibosho. Kila Jumapili hupiga simu, na baada ya salamu huuliza: "Leo mtakuwa wangapi mezani?"