Maua Kapuni: Kicheko na Jeraha katika The Bank

The Bank ni filamu bubu fupi ya vichekesho iliyoanza kuonyeshwa Marekani Agosti 1915. Charlie Chaplin, mzaliwa wa London aliyekuwa na miaka 26, aliiongoza na kuigiza akiwa chini ya kampuni ya Essanay. Hadithi yake inakwisha kwa chini ya nusu saa.

Inaanza na mtu wa hali ya chini anayeingia benki kwa madaha ya mkurugenzi. Anakwenda hadi kwenye mlango mzito wa chumba cha hazina, anazungusha namba za kufuli kwa makini, anaufungua. Anachotoa humo ni ndoo na dekio. Kumbe ni mfagiaji.

Mfagiaji huyu anampenda mpiga chapa, Edna, anayeigizwa na Edna Purviance. Siku moja anaiona zawadi ya tai ambayo Edna amemwandikia Charles. Anadhani ni yeye, kwani naye jina lake ndilo hilo. Lakini mwenye zawadi ni keshia wa benki, Charles mwingine. Mfagiaji anamwachia Edna maua na barua mezani. Edna anapogundua yametoka kwa nani, anayatupa kwenye kapu la taka, na aliyeyaleta anashuhudia kwa macho yake.

Hapo ndipo uwezo wa Chaplin unapoonekana. Kamera inabaki usoni pake, naye hafanyi kituko chochote: tabasamu linafifia polepole, macho yanabaki yamekodoka. Mwaka 1915 watazamaji walizoea vichekesho vya kufukuzana na kupigana mateke, kwa hiyo kuwatuliza mbele ya uso wa mtu aliyeumia kulihitaji ujasiri.

Kisha mfagiaji anasinzia. Ndotoni majambazi wanavamia benki, keshia anaingiwa na woga, na yeye ndiye anayemwokoa Edna. Anamkumbatia, anambusu. Anapozinduka, anachokibusu ni dekio, nyuzi zake zikiwa zimemgusa mashavu. Pembeni, Edna na keshia wamekumbatiana. Anayapiga maua teke, anaondoka.

Miezi minne kabla, katika The Tramp, Chaplin aliyekataliwa alishika njia peke yake, lakini mwishoni alijitikisa na kuchangamka. The Bank haina faraja hiyo. Anayeipenda City Lights, filamu ya Chaplin ya 1931, ambamo ua tena limebeba mapenzi, aitazame na filamu hii.