Huruma kwa Dhalimu: Kweli au Si Kweli?

Huku Tangini, Kibaha, kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu wawili, au bikoni ikichomolewa usiku na kuchimbiwa hatua kadhaa ndani ya eneo la mjane, ushauri haukosekani. Mmoja atasema mwachie Mungu. Wa pili atasema dhalimu asomewe Albadiri, kisomo cha kumwapiza. Wa tatu, ndio kwanza anatoka ibadani, atasema msamehe, dini imeamuru. Wote wanataja jina la Mungu, na mara nyingi mjane anabaki bila eneo lake. Basi tuyapime madai yenyewe.

Dai: Kumhurumia mkatili ni kuunyamazia ukatili wake.

Si kweli. Anayelivunja dai hili kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia ni mama wa Uganda, Angelina Atyam, mkunga wa Lira. Oktoba 1996 waasi wa Joseph Kony walivamia usiku shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakachukua wanafunzi 139, binti yake Charlotte akiwemo. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini akarudi na 109. Charlotte alikuwa kati ya 30 waliobaki.

Wazazi walianza kukutana kusali, na Atyam amesimulia jinsi walivyofika kwenye sehemu ya Baba Yetu ya kuwasamehe waliowakosea, ndimi zikawa nzito. Sala ikakatika. Baadaye alimtafuta mama mzazi wa kamanda aliyekuwa amemshikilia Charlotte, akaenda nyumbani kwake kumwambia kuwa amemsamehe yeye, mwanawe na ukoo wao. Hebu fikiri mama huyo alivyomwona mgeni wake akiingia uani.

Lakini Atyam hakunyamaza. Pamoja na wenzake alianzisha chama cha wazazi, akapaza sauti nje ya Uganda mpaka waasi wakakereka. Wakamtumia ujumbe: acha kelele, tukurudishie mwanao. Alikataa. Alitaka watoto wote, kwa sababu wote walikuwa wake. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo yake ya haki za binadamu, na Charlotte alirudi mwaka 2004. Huruma na madai vilikaa katika kifua kimoja kwa miaka yote hiyo, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Dai: Mkatili naye aliumizwa, kwa hiyo asihukumiwe.

Nusu kweli. Dominic Ongwen, kamanda wa kundi hilohilo, alitekwa akiwa mtoto, akakulia kwenye mtutu wa bunduki. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei ikamfunga miaka 25. Majaji walitaja utoto wake ulioporwa kuwa sababu ya kutompa kifungo cha maisha. Walimwonea huruma, na bado wakamhukumu.

Dai: "Mwachie Mungu" maana yake usishitaki.

Si kweli, na dai hili limewala wanyonge wengi. Mtume Muhammad alifundisha kumsaidia ndugu yako akiwa amedhulumiwa au yeye ndiye dhalimu. Masahaba wakashangaa: dhalimu asaidiweje? Jibu likawa kumshika mkono asidhulumu. Yesu naye, alipopigwa kofi mbele ya kuhani, alimuuliza mpigaji sababu ya kumpiga.

Kwa hiyo bikoni ikihamishwa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la kata. Ujue tu kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha. Kuamua ni kazi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumpeleka huko jirani aliyekula ardhi ya mjane ni kumwokoa na mzigo atakaoulizwa kesho kwa Mola wake. Na huyohuyo unaweza kumwombea dua moyoni ukiwa kwenye foleni ya baraza.

Dai: Albadiri ndiyo silaha ya mwenye dini.

Masheikh wamevutana juu ya kisomo hiki, nami siwaamulii. Ila wanaotaja majina ya watu wa Badri ili fulani avimbe tumbo wakumbuke walivyotendewa mateka wa vita vya Badri, mwaka 624. Vitabu vya sira vinasimulia kuwa walinzi waliwapa mateka mkate, wenyewe wakala tende. Na mateka hao walikuwa wamekuja kuwaua.

Dai: Ukishasamehe, sharti mrudiane kama zamani.

Si kweli hata kidogo, na nalisema hili kwa ajili ya wanawake wanaorudishwa kwa waume wanaowapiga kwa kisingizio cha msamaha. Wahshi ndiye aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, kwenye vita vya Uhud. Miaka kadhaa baadaye alikuja Madina kusilimu. Mtume alimpokea, hakumlipizia kisasi, wala hakumfungia mlango wa toba. Alimwomba jambo moja tu: kama anaweza, asimwonyeshe uso wake. Wahshi akakaa mbali, akabaki Mwislamu.