Je, Wajua? Ubongo Una Dawa Yake ya Maumivu
Mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kuwa ubongo una vipokezi ambamo mofini, dawa itokanayo na afyuni (utomvu wa mmea), huingia kama ufunguo kwenye kufuli. Lakini kwa nini mwili uwe na kufuli ya utomvu wa mmea? Jibu lilitoka Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975: John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua enkefalini, kemikali za mwili wenyewe zinazotumia vipokezi hivyohivyo.

Mofini haiponyi kidonda. Hupunguza taarifa za maumivu zinazopita kwenye uti wa mgongo, na hata zile zinazofika ubongoni hazimtesi mtu kama mwanzo. Vipokezi hivyo vipo pia kwenye shina la ubongo, panapoongozwa pumzi. Ndiyo maana heroini, dawa ya kulevya inayotumia vipokezi hivyohivyo, ikizidi huua kwa kuzima upumuaji. Dawa iitwayo naloksoni, ikiwahi kutolewa, huiondoa heroini kwenye vipokezi na mtu akavuta pumzi tena.

Hata hivyo, kumnyima mgonjwa wa saratani mwenye maumivu mofini kwa kuogopa uraibu ni kumwonea. Uganda huwapa wagonjwa wa aina hiyo mofini ya maji bila malipo, wakainywa nyumbani kwao.