Sanduku la Bati la Miasenyi

Kijana wa Miasenyi akitaka maktaba hupanda matatu hadi Voi. Apite Maungu, alipe nauli ya kwenda na kurudi, na jua likianza kushuka awe ameshafika kwao, maana huku ndovu hawaulizi saa. Reli ya SGR iliyofunguliwa 2017 ina kituo papa hapa, ila ratiba ya treni haikupangwa na mtu anayerudisha kitabu.

Nimepanga rafu miaka mingi katika maktaba ya mjini, kwa hivyo nawajua wakutubi wenzangu. Watoto wadogo tunawapenda, watu wazima tunawaheshimu, ila hawa wa kati tunawaogopa. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, linawataja wenye miaka 12 hadi 18 kuwa kundi linalostahili huduma yake lenyewe. Kwetu wakiingia watano wakicheka, mlinzi ndiye wa kwanza kuinuka. Basi hawaji tena mpaka mtihani ukaribie, nao hufuata tamthilia ya Bembea ya Maisha kwa sababu tu imo kwenye KCSE.

Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia Garissa. Mnyama mmoja vitabu, mwingine hema, wakawafuata wafugaji walikohamia. Kwetu ngamia wa nini, na matatu zinazobeba magunia ya mboga kila asubuhi? Mimi na walimu wawili tulitafuta sanduku la bati, lile la bweni, tukalijaza vitabu, tukalipakia kwenye matatu hadi shule ya Miasenyi. Wasomaji wenyewe hawako mbali: tangu 2023 gredi ya saba husomea palepale kwenye shule ya msingi.

Funguo wanazo vijana. Ndio wanaoandika daftari, ndio wanaochagua cha kuongeza, na uchaguzi wao ulinishangaza: kitabu cha kutengeneza pikipiki kilichakaa kabla ya hadithi yoyote. Tena wanasoma kwa sauti, wanabishana. Waache.

Msichana mmoja alingoja wenzake watoke.

"Mama, kuna kitabu cha mambo ya wasichana? Si kile cha sayansi. Kinachosema ukweli."

Nilimpa, akakifunga kwa gazeti. Tangu siku ile daftari huandikwa namba ya kitabu, si jina la kitabu, na orodha ya namba naiweka mimi. Asiyeamini siri yake imehifadhiwa hataazima anachokihitaji, atakwenda kumuuliza rafiki asiyejua zaidi yake. Faini nayo tumeifuta. Shilingi ishirini za kuchelewesha zimefukuza wasomaji wengi kuliko ndovu.

Linalobaki ni pesa, na hapo Katiba ya 2010 iko wazi: maktaba ni kazi ya kaunti. Ukilifungua Jedwali la Nne utaikuta aya moja na kamari na leseni za pombe. Kamari vijana wetu wameshafikishiwa, iko kwenye simu zao. Maktaba ndiyo bado iko Voi.

Bajeti ya kaunti haipiti bila wananchi kuulizwa maoni, kwa hiyo vijana wameniandikia yao niende nayo kikaoni: taa ya sola, rafu inayofungika, magazeti ya michezo, na mtu wa kufungua Jumamosi. Hilo la Jumamosi wamelipigia mstari mara mbili.